Shaba ya manjano, shaba nyekundu au stenlesi ya goldi: ipi inafaa sebule ya huku pwani?

Nyumba nyingi mpya nikiingia siku hizi, iwe ni fleti ya Malindi inayoangalia bahari ama nyumba ya mawe ya Lamu iliyofanyiwa ukarabati, naona mpango ni uleule: kuta nyeupe, sofa ya kijivu, zulia rangi ya mchanga, tivi kubwa ukutani, halafu mwenye nyumba anasimama katikati anakwambia hapa pamepooza, panataka kitu cha kung'aa. Na kweli panataka. Kijivu na nyeupe peke yake ni baridi, na madini ya rangi ya joto ndiyo dawa ya haraka kuliko zote, huhitaji kubomoa wala kupaka rangi upya. Ila zile picha tunazozitazama kwa simu nyingi zimepigwa nchi za baridi, madirisha yamefungwa mwaka mzima na bahari iko mbali huko. Sisi huku dirisha linafunguliwa alfajiri na upepo unaingia na chumvi yake. Kwa hiyo mtu akiniuliza achague nini, mimi kabla ya rangi nauliza chumvi inafika mpaka wapi nyumbani kwake. Hapo ndipo vitu vinapotengana.

Wanaoshindana ni wanne. Kuna shaba ya manjano, ile ya masinia na vyetezo. Kuna shaba nyekundu, ya taa za kuning'iniza na vyungu. Kuna stenlesi iliyopakwa goldi, hii ndio imejaa kwenye meza za kisasa na fremu za vioo. Na kuna chuma cha kawaida kilichopakwa goldi, ambacho dukani kinafanana na hiyo stenlesi kama mapacha na bei yake inavutia sana, ndio maana wengi wanakibeba. Shaba nyeusi na rozi goldi, ile goldi yenye uwaridi, nitazigusa tu njiani.

Tuanze na vilivyomo ndani manake bila hilo hakuna ulinganisho. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, mara nyingi zinki ni kama thuluthi hivi, ikizidi rangi inakuwa ya manjano zaidi, ikipungua inarudi kwenye wekundu. Shaba nyeusi ni shaba na madini ya bati. Stenlesi ya goldi haina punje ya dhahabu ndani yake, nyingi za zile nzuri zimepakwa utando wa naitraidi ya titaniamu ndani ya chemba iliyotolewa hewa, kazi inayoitwa PVD, na huo utando wenyewe kiasili una rangi ya dhahabu. Ni mwembamba kuliko unywele kwa mbali sana lakini mgumu, haukwaruziki ovyo. Chuma cha goldi ni chuma, kilichopuliziwa spreyi au kutiwa rangi ya umeme juu juu, basi.

Sasa chumvi. Malindi mji unaangalia bahari wazi, na upepo wa Kusi ukishika, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, mawimbi yanapasuka na matone madogo yanapeperushwa mpaka ndani. Mji wa Lamu umekaa kwenye mkondo, kisiwa cha Manda kiko mbele yake kinaukinga, na vichochoro vyenyewe vinavunja upepo, kwa hiyo nyumba ya mtaa wa Mkomani ndani ndani haipati chumvi kama nyumba ya kijiji cha Shela, kilicho karibu na mlango wa bahari. Ukali wa chumvi unashuka haraka katika mita mia chache za kwanza kutoka ufukweni, kwa hiyo watu wawili wa mji mmoja wanaweza kununua taa ileile na baada ya mwaka mmoja ya huyu bado inang'aa na ya yule imekuwa aibu. Na usidhani mpaka inyeshe. Chumvi ikishatua juu ya kitu huvuta unyevu wa hewani yenyewe, hata siku kavu kitu kina utando wa maji usiouona kwa macho.

Chuma cha goldi ndicho cha kwanza kuanguka. Kinahitaji tundu moja tu dogo kwenye ile rangi, unyevu ukiingia kutu inatambaa chini kwa chini, rangi inavimba vipele, ukikigusa kinabanduka. Ukitaka kuona mwanzo wake usiangalie juu, piga magoti uangalie mguu wa meza pale unapokutana na sakafu, na pale fundi alipochomelea kona. Maji ya kupigia deki yanakaa hapo kila siku. Utakuta kwanza duara jembamba la kahawia kwenye tailizi nyeupe, unasugua linatoka, wiki ijayo limerudi, halafu siku moja halitoki tena manake limeshaingia kwenye simenti ya kati ya tailizi. Sasa hapo meza ya bei nafuu imekuharibia sakafu. Mimi kwa nyumba iliyo mbele ya bahari hiki kitu sikitaki kabisa, hata cha bure.

Shaba ya manjano haina kutu hiyo ya kula. Inafifia, inaingia ukahawia, kwenye kona na nakshi inashika ukijani, lakini mwili wake unabaki, ukiisugua inarudi. Kuna kasoro moja ya kujua: ikikaa miaka na unyevu wa chumvi bila kuguswa, zinki inaweza kutoka na kuacha madoa ya waridi, na hayo hayatoki kwa kusugua manake si uchafu, ni shaba yenyewe imebaki peke yake. Ukiona bomba au bawaba ya zamani ina mabaka ya pinki ndio hilo. Ndani ya sebule si tatizo kubwa, barazani ni tatizo.

Shaba nyekundu inabadilika haraka kuliko zote. Ukiishika leo na mkono wa jasho kesho alama za vidole ziko pale, zimeandikwa. Inaanza kahawia, inakwenda hudhurungi, na ikikaa nje karibu na bahari inaishia kijani. Ile Sanamu ya Uhuru ya New York ilipozinduliwa 1886 ilikuwa rangi ya shaba, kijani tunachokiona leo kimeletwa na hewa na miaka. Ndani ya nyumba haifiki huko kirahisi, itabaki kwenye hudhurungi, na kuna watu wanaipenda hivyo. Lakini kama umenunua kwa sababu ya ule wekundu wa kung'aa wa dukani, jua umenunua kazi.

Stenlesi ya PVD ndio shwari zaidi, sio kwamba haiguswi. Stenlesi ziko daraja daraja, ya 304 ndio ya kawaida na ya 316 imeongezwa molibdenamu kwa ajili ya kustahimili chumvi. Samani nyingi ni 304 na wauzaji wengine hata hawajui unauliza nini. Ya 304 mbele ya bahari inatoa vitone vidogo vya rangi ya chai, unapangusa kwa kitambaa chenye maji baridi na tone la sabuni, vinatoka. Usipopangusa vinazidi. Na jiki iweke mbali, klorini ni adui wa stenlesi, kuna wasaidizi wa nyumbani wanapenda kumwagia kila kitu jiki wakidhani ndio usafi, mwambie mapema.

Kwenye rangi mambo yanageuka

Hapa stenlesi ya goldi, mshindi wa chumvi, inapoteza pointi. Goldi yake ni moja, imenyooka, haina kina. Ukiiweka peke yake kwenye fleti mpya yenye sofa ya kijivu na meza ya kioo inakaa vizuri, safi, ya kisasa. Ukiipeleka kwenye nyumba ya mawe ya Lamu, chokaa ya kuta zenye mawimbi mawimbi, boriti juu, zidaka ukutani, mlango wa mbambakofi, inaonekana mgeni aliyekosea nyumba. Shaba ya manjano pale inakaa kama imezaliwa hapo, na kwa kweli ni ya hapo, siku zote masinia, madele ya kahawa, mirashi na matasa yamekuja na majahazi kutoka India na Omani, na ukitaka ukubwa wa jambo lenyewe kumbuka ile siwa ya shaba ya Lamu, baragumu kubwa la sherehe za wakubwa, ndugu yake ile ya pembe za ndovu ya Pate. Shaba kwetu haikuja na Instagram.

Shaba nyekundu inataka jirani wa buluu au kijani. Weka taa ya shaba nyekundu mbele ya ukuta wa buluu ya giza na utaelewa, kila mmoja anamsukuma mwenzake mbele. Weka hiyohiyo kwenye chumba chenye tailizi za udongo na mapazia ya rangi ya machungwa, inapotea, huioni. Shaba ya manjano yenyewe inaelewana na karibu kila kitu, mbao nyeusi, nyeupe, buluu, kijani cha majani, isipokuwa krimu. Na krimu ndio rangi ya tailizi za nusu ya fleti za Malindi! Kama sakafu yako ni krimu na kuta ni krimu, shaba ya manjano itazama humo, itafute kitu cha giza cha kusimama nyuma yake, meza ya mbao nyeusi, fremu nyeusi, mto wa buluu, ndio itokee.

Rozi goldi naipita. Ilikuwa na msimu wake, kwenye simu ilikaa vizuri, sebuleni baada ya muda inaanza kufanana na meza ya saluni. Shaba nyeusi ni kinyume chake, haipigi kelele, haionyeshi vidole, inafaa mtu asiyetaka kusugua chochote maishani, kasoro yake ni kwamba usiku kwenye taa hafifu inakuwa kama chuma cheusi tu na lengo letu lilikuwa joto.

Na kabla hujanunua hata kijiko, badilisha balbu. Hili nalisema kila mara na watu wananiona napoteza muda. Balbu nyingi tunazouziwa ni zile nyeupe kali, kwenye boksi zimeandikwa 6500K, na chini ya mwanga huo shaba ya manjano inaingia ukijani kijani wa kuumwa na shaba nyekundu inakufa kabisa. Tafuta zilizoandikwa 2700K mpaka 3000K. Jaribio ni rahisi: chukua sinia la shaba la mama, litie chini ya balbu nyeupe ya jikoni, halafu lipeleke chini ya balbu ya manjano, utadhani ni masinia mawili. Kuna watu walitaka kurudisha taa dukani kumbe kosa lilikuwa ni balbu.

Nani atasugua?

Hili ndilo swali linaloamua na hakuna anayeliuliza dukani. Shaba ya manjano isiyo na vanishi inataka mkono. Huku kwetu njia inajulikana, ukwaju ama ndimu, na jivu kama weusi umekomaa. Ukwaju unauloweka kwenye maji kidogo mpaka ulainike, unachukua ile nyama na nyuzi zake unasugua kwa kuzunguka, nyuzi zinafanya kazi ya brashi na asidi inakula ule weusi, maji yanatiririka ya kahawia na chini yake manjano inachomoza kipande kwa kipande. Halafu suuza sana, na uangalie unasuuza na maji gani, visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, ukisuuza na hayo na ukaacha kitu kikauke chenyewe umekipaka tena kile ulichotaka kukiondoa. Maji ya mvua au ya mfereji ndio mazuri, kisha ukaushe palepale kwa khanga kuukuu. Ukitaka ikae zaidi ipake nta nyembamba, hata ile ya kung'arishia magari, ifute mpaka isinate.

Shaba ya dukani ya kisasa mara nyingi imekuja na vanishi isiyo na rangi juu yake. Hiyo ukwaju usiiguse nao. Vanishi inaizuia hewa na kwa muda ni raha, unafuta vumbi tu, lakini ikikwaruzika mahali unyevu unaingia hapo na kufanya buibui la weusi chini ya vanishi, ambalo huwezi kulifikia. Hapo ni kuivua yote kwa fundi na kuanza upya. Ndio maana kwa vitu vinavyoshikwa, kama vishikio vya droo na komeo, mimi naona afadhali shaba tupu isiyopakwa, mikono ya watu wa nyumba inaing'arisha yenyewe pale inapogusa na pembeni inabaki ya giza, na huo utofauti ndio uzuri wake. Shaba nyekundu inasafishwa vilevile ila mara nyingi zaidi. Stenlesi ni kitambaa na sabuni, kwisha. Chuma cha goldi ukikisugua umekimaliza.

Kuna jambo la udi pia. Nyumba zetu zinafukizwa, Alhamisi jioni, Ijumaa, mgeni akija, na moshi wa udi una mafuta, unatua kwenye kila kinachong'aa na kuacha utando wa kunata unaoshika vumbi. Kwenye fremu ya goldi unaona kama imekuwa na ukungu, kwenye shaba unaongeza ukahawia. Si sababu ya kuacha kufukiza jamani, ni sababu ya kutoweka kioo chenye fremu kubwa ya goldi juu ya pale chetezo kinapokaa. Na chetezo chenyewe kikiwa cha shaba kiwe hakina vanishi, makaa yanaichoma vanishi mpaka inakuwa na malengelenge.

Bei, na kujua unauziwa nini

Kwa kitu cha ukubwa mmoja, shaba nyekundu nzito ndio ghali, shaba ya manjano inafuata, manake zinki ni rahisi kuliko shaba na inapunguza gharama, halafu stenlesi ya PVD, mwisho chuma cha goldi. Mei 2024 shaba ilipita dola 10,000 kwa tani kwenye soko la madini la London, kwa hiyo ukiona taa kubwa ya "shaba tupu" kwa bei ya kuku wawili, kuna kitu hujaambiwa.

Beba sumaku ndogo, ile ya friji inatosha. Unamwuliza mwenye duka kwa adabu, "Ami, hii ni shaba tupu?" anakujibu, "Tupu mwanangu, tena ya zamani," unaisogeza sumaku inanasa tap! Unacheka, unamshukuru, unaenda zako. Ikinasa ndani kuna chuma, hakuna mjadala. Isiponasa hujamaliza bado, manake stenlesi nyingi hazinasi, alumini hainasi, zinki hainasi. Nyanyua kitu. Alumini ina kama thuluthi ya uzito wa shaba, mkono unajua mara moja. Halafu kigonge kwa ukucha, shaba nzuri ina sauti inayokaa, aliyewahi kusikia upatu ukipigwa ngomani hahitaji kufundishwa, ya zinki inasema "tk" na kunyamaza. Mwisho kigeuze chini, ndani ya tundu la skrubu au chini ya kitako mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kupaka, rangi ya ukweli iko hapo.

Vitu vingi vya shaba ya manjano vinavyouzwa kama vya kale ni vipya kutoka India, hasa Moradabad ambako wenyewe wanauita mji wa shaba, na havina ubaya wowote ilimradi ulipe bei ya kipya. Ukipata cha kale kweli nunua kwa furaha ukitumie hapahapa, ila usimpe mgeni akabebe Ulaya hivihivi, sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya ya 2006 inavihesabu vitu vya kabla ya 1895 kuwa vya kale na kuvitoa nchini ni mpaka kibali. Na shaba nyekundu ya mitumba, zile nyaya na mabamba ya bei ya kutupa, ulizia imetoka wapi. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu kuhujumu nguzo na transfoma za umeme, ikaja kufunguliwa baadaye mwaka huohuo kwa masharti. Taa nzuri haifai kuwa imetengenezwa na giza la kijiji kizima.

Kwa watu wa Lamu kuna gharama nyingine ambayo bei ya onlaini haikuonyeshi. Mzigo unashuka Mokowe, unaingia mashuani, unatua gatini, na kutoka hapo ni punda, mkokoteni au bega la hamali kupita vichochoro. Meza ya shaba nzito ya kipande kimoja inaweza kufika mlangoni ikakataa kona ya daka, kile kibaraza cha mlangoni. Nunua inayofunguka miguu. Hapo stenlesi yenye mabomba matupu ndani inaizidi shaba.

Ngapi, na wapi

Wapambaji wana ile hesabu ya 60, 30 na 10, yaani rangi kuu, rangi ya pili, na kionjo, na madini yanaingia kwenye ile 10. Sipimi mimi, ila wazo ni sahihi: kimoja kikubwa, viwili vitatu vidogo, basi. Sebule yenye meza ya goldi, fremu za goldi, miguu ya sofa ya goldi, saa ya goldi, taa ya goldi na mapazia yenye pete za goldi imekuwa ukumbi wa harusi, unakaa unasubiri bibi harusi atoke.

Kuchanganya inaruhusiwa lakini awepo mkubwa mmoja. Shaba ya manjano ikiwa ndio kuu, kitu kimoja cheusi cha chuma kilichopakwa vizuri kinaitoa zaidi. Shaba ya manjano na goldi ya stenlesi zikikaa karibu karibu zinagombana, moja inamfanya mwenzake aonekane bandia, zitenganishe, moja huku kwenye meza na nyingine ukuta wa pili. Shaba ya manjano na nyekundu zinaelewana, ni damu moja.

Kwenye nyumba ya mawe, zidaka ndio mahali pake na usizijaze. Zidaka zenyewe ni nakshi, zilikuwa zinawekwa vyombo vya kaure na vitu vya thamani, ukienda pale makumbusho ya Nyumba ya Waswahili Lamu utaona jinsi vitu vichache vinavyotosha. Dele moja, mrashi mmoja, kidaka cha tatu kiache kitupu. Na kama hilo dele unataka kulinywea kahawa kweli, sio pambo tu, hakikisha ndani limetiwa bati na bati halijachakaa.

Skrubu ndio kitu watu wanakisahau kabisa. Bamba la shaba au kishikio kizuri kimefungwa na skrubu za chuma za hadware, kwa unyevu wa huku madini mawili yakigusana lile dhaifu ndilo linaliwa, na hapo dhaifu ni chuma, tena skrubu ni ndogo na bamba ni kubwa kwa hiyo inaliwa haraka mara mbili. Unaona machozi ya kutu yanateremka kwenye mlango wa kabati na kishikio chenyewe kizima. Mwambie fundi seremala, "Fundi, skrubu nazileta mimi," ulete za shaba au za stenlesi.

Basi nikigawa hivi. Nyumba ya mawe ndani ya mji wa Lamu, na kuna mtu nyumbani anayependa kusugua au angalau hachukii: shaba ya manjano tupu, vitu vichache vizito, bila hata kufikiria sana. Nyumba ya Shela au fleti ya Malindi iliyo mbele ya bahari na madirisha wazi: stenlesi ya PVD kwa meza na taa ya kusimama, na shaba ya manjano kitu kimoja au viwili mbali na dirisha, ili pawe na kitu chenye uhai. Malindi ya ndani kidogo, nyuma ya barabara kuu, ambako chumvi imeshapoa: hapo hata taa ya shaba nyekundu unaweza, moja, juu ya meza ya kulia, ukutani buluu. Mfuko ukiwa mwembamba achana na chuma cha goldi, nunua fremu za mbao zilizopakwa goldi, mbao haina kutu ya kukuaibisha, rangi ikififia unaipaka tena mwenyewe Jumapili. Nyumba ya kupangisha wageni kwa siku siku, stenlesi tupu, hakuna mgeni atakayekusugulia shaba na msafishaji wako ana saa mbili tu kati ya anayetoka na anayeingia.

Na popote ulipo, kama umeshaipenda meza fulani ya miguu myembamba ya goldi na hutaki kusikia la mtu, igeuze kwanza uangalie kama miguu ina vikofia vya plastiki chini. Kama haina, avitie fundi hukohuko kabla haijapanda mashua.